Kiwanda cha katikati ya nyumba ni nafasi iliyopotea? Nimeulizwa, sikuwa na jibu

#1 BintiKibokoni
Asalam aleikum wanajukwaa.

Nilimaliza masomo ya usanifu majengo mwaka jana, na tangu hapo nazunguka mjini na jalada langu la kazi. Wiki iliyopita niliitwa ofisi moja hapa kisiwani Mombasa. Mzee aliyenihoji alipitisha kurasa za mwanzo bila neno, akasimama ukurasa wa tano. Akaweka kidole katikati ya ramani: "Hapa umeacha nini?" Nikamwambia ni kiwanda, uwazi wa katikati, vyumba vyote vinapumulia hapo. Akasema, "Mwenye ploti anakulipa umchoree vyumba, wewe umemchorea hewa."

Kazi sikupata. Hilo naweza kulimeza. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba sikuwa na jibu zaidi ya "inapendeza" na "ndivyo walivyojenga wazee wetu".

Jalada nimeliambatisha hapa, lina kazi tatu. Ya kwanza ni vipimo vya nyumba ya nyanya yangu, Kibokoni, Mji wa Kale. Nilikaa likizo nzima na futi kamba, nikapima kila kidaka cha ukutani, kila boriti, kila kipandio cha ngazi. Ukuta wa mbele una unene wa sentimita 52. Chumba kirefu kina mita 7, na upana wake mita 2.70 tu. Ya pili ni maktaba ya watoto Majengo, paa moja kubwa lenye baraza pande tatu. Hiyo ndiyo niliyofanyia mtihani wa mwisho. Ya tatu ndiyo yenye matata: nyumba ya kupangisha Kisauni, sakafu nne ukihesabu na ya chini, ploti ya futi 40 kwa 80, na kiwanda cha futi 12 kwa 16 katikati.

Ninavyoamini mimi, nyumba ya Pwani haikupangwa kwa vyumba, ilipangwa kwa vituo. Mpita njia ana baraza. Mgeni wa salamu ana daka, kile kibaraza cha mlangoni. Jamaa anaingia hadi kiwandani, na ndani ni kwa wenyewe. Kila kizingiti kina mtu anayeishia hapo, na hakuna anayeona amefukuzwa. Fleti za leo zimebakisha vituo viwili, ngazi na mlango wa chuma. Ukibisha, ama uko nje kabisa ama umekwisha kuwa katikati ya sebule ya watu.

Nauliza, na nataka mnijibu bila kunionea haya: kwa nini tumeviacha? Na kiwanda ni nafasi iliyopotea kweli?

#2 Mwenyeploti_Bamburi
Karibu binti. Acha nikupe hesabu ya upande wetu, maana nyinyi mkichora hamtuoni tukiwa benki.

Futi 12 kwa 16 ni chumba kimoja kizuri pamoja na choo chake. Mara sakafu nne, vyumba vinne. Kwangu chumba hicho ni elfu saba. Hiyo ni 28,000 kwa mwezi, 336,000 kwa mwaka. Mkopo wangu ni wa miaka kumi na benki haijawahi kuniuliza upepo unaingilia wapi. Sina ubaya na kazi yako, mchoro ni mzuri. Lakini huyo mzee alikwambia kweli.

#3 MamaTudor
Mwenyeploti, hesabu yako ina safu moja tu. Mimi nimeishi katika hicho chumba chako cha elfu saba. Si chako, ila ndugu yake.

Dirisha la jikoni lilifungukia ujia wa ndani. Saa sita mchana napika taa ikiwaka. Feni usiku na mchana, tokeni za stima nanunua kama nanunua mkate. Sare za shule za binti yangu nikianika ndani zinatoa harufu ya uvundo, nikizipeleka darini nakuta kamba zimejaa. Nilihama baada ya miezi minane. Aliyenifuata alikaa mitano. Sasa andika safu ya pili: miezi ambayo chumba kilikaa bure, na rangi unayopaka kila mtu akitoka.

Binti, usikitoe hicho kiwanda.

#4 NdiaKuu
Salamu. Mimi natembeza wageni Mji wa Kale, na naomba nimrekebishe mleta uzi mahali pamoja, kwa mapenzi.

Hiyo safari ya daka, kiwanda, msana (chumba kirefu kinachotazama kiwanda), ndani, ni ya nyumba za mawe za Lamu zaidi kuliko za kwetu. Ukipita barabara ya Ndia Kuu leo, nyumba nyingi unazoziona ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20. Chini duka, juu makao, mbele roshani ya mbao iliyochongwa. Hizo roshani zina mkono wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Nyingi hazina kiwanda kabisa. Kwa hivyo ukisema "wazee wetu" ofisini, mtu anayejua atakuuliza wazee wepi, wa mtaa gani, wa mwaka gani.

Ngome ya Yesu ndiyo yenye uwazi mkubwa katikati, lakini hiyo ilichorwa kwa vita.

#5 MtuWaKariakoo
Habari za huko jamani. Nimesoma mpaka bandiko la tatu nikijua mnagombania kiwanda cha sabuni ndani ya nyumba za kupanga, nikasema Mombasa wana mambo. Huku Dar kiwanda ni cha kutengeneza vitu. Hicho chenu sisi tunakiita ua, au uwani.

Halafu NdiaKuu, Ngome ya Yesu si ilichorwa na Mreno?

#6 NdiaKuu
@MtuWaKariakoo Wareno ndio waliojengesha, kuanzia 1593. Mchoraji alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno.

#7 Maalim_Lugha
Kariakoo, hukukosea. "Kiwanda" kwa maana ya uwanja mdogo ni neno la zamani lililobaki kwenye nyumba za mawe, na kwa wengi limehamia kwenye mashine. Hata hapa Mombasa, nenda Majengo uulize kiwanda, utaonyeshwa barabara ya Changamwe. Uliza uwani, utafika.

Lakini kuna neno lingine mleta uzi amelitumia bila kulitazama: nafasi. Limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni nafas, pumzi. Mtu akisema "sina nafasi" anasema hana pa kupumulia. Sasa rudi kwa yule mzee aliyesema "umemchorea hewa". Alidhani anakutukana, kumbe amefasiri neno kama lilivyo.

#8 RulaNaPenseli
Nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi. Binti, yako mawili, na yote nayasema kwa sababu jalada lako lina uhai.

La kwanza. Mahali pengine umejitambulisha kama "msanifu majengo". Kisheria hapa Kenya, chini ya Sura ya 525 ya sheria zetu, huwezi kufanya kazi kwa jina hilo mpaka bodi ikusajili, na kabla ya hapo kuna mazoezi ya kazi na mitihani. Andika "mhitimu wa usanifu majengo". Ofisi nyingine hukufungia mlango kwa neno hilo tu.

La pili ni kiwanda chenyewe. Sitauliza hela, nitauliza jua. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Saa sita na nusu hivi mchana jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Siku hizo mwanga utashuka hadi sakafuni kwako na mambo yatakuwa mazuri. Lakini Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 27 kutoka utosini. Sakafu zako nne ni ukuta wa futi 40. Ukuta huo unatupa kivuli cha futi 20 na ushei. Kiwanda chako kina futi 16, nikichukulia zinaelekea kaskazini na kusini. Maana yake Juni jua haligusi chini hata dakika moja. Desemba liko kusini, nyuzi 19, kivuli ni futi 14, unapata ukanda wa futi 2. Hicho ulichochora kwa nyumba ya chini kingekuwa kiwanda. Kwa sakafu nne ni kisima.

#9 BintiKibokoni
@NdiaKuu shukran, nimeandika. Nyumba ya nyanya ina uwazi mdogo nyuma, mita 3 kwa 4, na ndio ulionifanya nidhani nyumba zote za mtaa ziko hivyo. Nilipima moja nikasemea mia.

@RulaNaPenseli ami, asante. Jina nimelibadilisha usiku huu huu. Kwenye jua, hesabu nimeirudia mara tatu na ni kweli. Lakini nikuulize: mimi chini sikutaka jua, nilitaka kivuli chenye mwanga. Kuta nimeziweka nyeupe ili mwanga urushwe kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumbani kwa nyanya, saa saba mchana ya Februari, ukitoka Ndia Kuu ukaingia ule ujia wa kati, macho yanapumzika kwanza, halafu mgongo. Unasimama unasikia jasho likipoa. Hakuna feni. Hilo ndilo nililotaka kulichora na sijui linachorwaje.

#10 FundiChokaa
Salaam. Mimi si msomi, ni fundi. Nimetengeneza nyumba za Mji wa Kale tangu nikiwa mtoto wa kubeba maji.

Binti amesema chumba kina upana wa mita 2.70. Watu wamepita hapo hawakusimama. Huo si upana wa chumba, mwanangu, ni urefu wa boriti. Mkoko unakupa boriti moja iliyonyooka ya kiasi hicho, ukitaka zaidi inapinda. Kwa hivyo ukuta na ukuta vinakaa karibu, na chumba kinatafuta ukubwa wake kwa urefu. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu vyembamba. Msitu ndio uliochora. Juu ya boriti mawe madogo na chokaa, unatwanga siku kwa siku mpaka dari inashikana.

Na huo ubaridi aliousimulia, nusu yake ni ukuta wa matumbawe wa sentimita 52 uliopakwa chokaa. Ukuta ule unavuta unyevu na kuutoa. Kuna mwenye nyumba mmoja Kibokoni aliniambia nipige plasta ya simiti nje na ndani, kwa kuwa inakuwa nyororo. Nilimkatalia, akaja fundi mwingine. Masika mawili hayakupita, ukuta ukafura kama mkate, ukiubonyeza kwa kidole unatoa maji ya chumvi. Nikaitwa kuvua plasta. Nilipoibandua, mawe nyuma yalikuwa yanamomonyoka kama biskuti iliyoingia chai.

Kwa hivyo kiwanda peke yake hakitoshi. Ukitia kiwanda kwenye nyumba ya ukuta wa inchi sita na plasta ya simiti, umetia mdomo kwenye mwili usio na mapafu.

#11 KijanaLikoni
Fundi, hiyo ya msitu kuchora nimeinakili kwenye daftari. Mimi niko mwaka wa tatu, chuo.

Dada, usivunjike moyo na huyo mzee. Mtazame Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya msingi ya Gando, kijijini kwao, ilikamilika 2001 na yeye alikuwa bado mwanafunzi Berlin. Alitumia udongo wa pale pale, wanakijiji wakajenga. Paa la bati ameliinua juu ya dari ya matofali, hewa ya joto inapita katikati inaondoka. 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na hapa kwetu yuko, ile kampasi ya Turkana ya 2021, minara yake ya kutoa hewa ameifuata kwenye vichuguu.

#12 Mwenyeploti_Bamburi
@KijanaLikoni huyo Kéré namheshimu, ila shule ile ilijengwa kwa michango, hakuna aliyengoja kodi tarehe tano. Nipe mfano wa nyumba ya kupangisha.

@MamaTudor maneno yako yamenikaa. Nimefungua daftari la kodi leo asubuhi. Vyumba vyangu viwili vinavyotazama ndani vimebadilisha wapangaji mara saba kwa miaka minne. Vile vya mbele, mara mbili. Sitaki kuamini kwamba ni dirisha. Nadhani ni maji, kwa sababu bomba la upande ule lina nguvu ndogo na watu wanachoka kununua mitungi ya mkokoteni. Lakini nimeona niseme, kwa kuwa nimelisoma kwa mkono wangu.

#13 MamaTudor
Asante kwa kufungua daftari. Wengi hawafungui.

Na maji nayo yanasaidia kesi yangu. Nyumba ya mama mkubwa, Makadara, ilikuwa na birika uwani, mvua yote ya paa inaingia mle. Ukifuta uwani, birika utalichimba wapi?

#14 Wakili_Pwani
Mnazungumza kama kwamba kila anayejenga Mombasa ana ardhi. Mimi ningeanza huko.

Majengo, Kisauni, Likoni, kuna watu wengi wenye nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mtu mwingine, nyumba ni yako, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Siku mwenye ardhi akiamua vingine, unabaki na mabati na milango. Mtu wa namna hiyo hajengi kwa matumbawe ya sentimita 52, anajenga kwa kile anachoweza kukibeba: boriti, udongo, makuti, baadaye mabati. Na ajabu ni kwamba nyumba hizo hizo ndizo zilizohifadhi mpango mzuri kuliko fleti za mwenye hati. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi umepita katikati kama mto, vyumba vitatu huku vitatu huku, unatokea uwani kwenye jiko na kisima. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma, kusi ikivuma inapita moja kwa moja.

Sasa hati zinapatikana kidogo kidogo, ardhi inauzwa, ukumbi unafungwa, ghorofa inapanda. Bandiko #1 linauliza kwa nini tumeviacha. Jibu langu: wengi hawakuviacha, waliondolewa kwenye ardhi viliposimama.

#15 BiMkasi
Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani Majengo miaka ishirini na mbili. Wakili amesema la ardhi, mwenye ploti la benki, mimi naongeza la usalama, kwa sababu nililiona na macho.

Baraza la jirani yangu lilibomolewa na yeye mwenyewe. Vijana wasiojulikana walikuwa wakikaa pale usiku mpaka saa nane, binti zake wanaogopa kutoka hata kumwaga maji. Alisema nao, akamwita mzee wa mtaa, mwisho akaleta nyundo. Asubuhi moja akavunja, akasimamisha geti. Hakuna mwekezaji pale wala benki.

Na barabara pia. Walipomwaga lami mpya, barabara ilipanda. Baraza langu lilikuwa linanifika gotini, sasa mguu wa cherehani uko sawa na tairi la tuktuk. Mvua ikinyesha natandika magunia.

Lakini sibomoi. Mteja anakaa hapo akinisubiri, ananiambia ya nyumbani kwake, hata kabla sijachukua kipimo najua harusi ni lini. Hayo huwezi kuyapata kwenye ngazi za fleti.

#16 MtuWaKariakoo
BiMkasi, nikija Mombasa nakuletea kitenge unishonee shati, na barazani nakaa bure.

#17 BiMkasi
Karibu. Njoo na vipimo vyako kabisa, maana naona wewe ni mtu wa maneno mengi, nitasahau kupima.

#18 NdiaKuu
@Wakili_Pwani nakubali nusu. Mji wa Kale umekuwa chini ya hifadhi tangu 1990, huruhusiwi kubadilisha uso wa nyumba bila idhini. Wengi pale ni wenye hati zao. Na bado ukiingia ndani unakuta uwazi umefunikwa bati, umekuwa stoo. Sheria imeshika uso, ndani imeachia. Kwa hivyo ardhi haijibu yote.

Mimi naona ni watu wenyewe. Zamani nyumba moja ukoo mmoja. Sasa ndugu watano wamerithi, mmoja yuko Oman, mmoja Nairobi, kila mtu anataka mlango wake. Kiwanda cha wote hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kinawekwa magodoro ya zamani.

#19 FundiChokaa
Kweli kabisa hiyo ya ndugu. Nimefunika viwanda vitatu kwa mkono wangu, na kila mara sababu ilikuwa urithi.

Na mwaka 2018 kaunti ilipoagiza nyumba zipakwe nyeupe na buluu, nilifurahi nikidhani chokaa imerudi. Watu wakapaka rangi ya ndoo juu ya simiti. Rangi nyeupe inarudisha jua, hiyo ni faida, ila ukuta umefungwa pumzi vile vile.

#20 RulaNaPenseli
Nimesoma yote. Binti, rudi kwenye swali lako la #9: ubaridi ule unachorwaje.

Hauchorwi kwa picha za kompyuta. Jalada lako lina picha tisa za rangi, watu wanatembea, ndege wanaruka, anga buluu. Toa sita. Mahali pake weka mkato mmoja mkubwa wa nyumba, kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma, kwa penseli, na uonyeshe unene wa kuta. Chora jua la Juni na la Desemba juu yake, kwa nyuzi zake. Chora upepo. Hapo nina ugomvi na wewe: upande wa kusini mashariki, kusi inakotoka, umepanga vyoo vyote. Miezi ile Mombasa inapopata upepo wake mzuri, utapitia chooni ndio ufike kiwandani. Geuza.

Zile kurasa za nyumba ya nyanya ziweke mwanzo kabisa. Nimeajiri vijana, na anayejua kupima nyumba iliyosimama ni nadra kuliko anayejua Revit. Programu nitamfunza kwa miezi mitatu. Kukaa likizo nzima na futi kamba, hilo mtu huja nalo.

Na kisima chako kina dawa. Shusha upande wa kaskazini sakafu moja. Ukuta unakuwa futi 30, kivuli cha Juni kinakuwa futi 15 na nusu. Jua linafika chini, kwa uzi.

#21 Mwenyeploti_Bamburi
Ngoja, ngoja. Kushusha upande mmoja sakafu nzima ni vyumba vingapi? Tulianza na vinne, sasa tunaenda wapi? Mzee Rula, mkopo huu utaulipa wewe?

#22 RulaNaPenseli
@Mwenyeploti ni vyumba viwili. Na juu yake unapata dari wazi ya kaskazini yenye jua tangu asubuhi. Sijasema ni bure. Nasema mpangaji aone anacholipia.

#23 BintiKibokoni
Nimekesha. Nimegeuza vyoo, nimeshusha kaskazini, na nimeandika kodi pembeni ya ramani kama #2 alivyofanya, safu zote mbili: vyumba vilivyopotea, na miezi ya chumba kukaa bure. Safu ya pili nimeiacha na mistari mitupu, kwa sababu daftari moja halitoshi. @Mwenyeploti, ukiniruhusu nitakuja nisome daftari lako vizuri, na niwaulize wapangaji wa vile vyumba viwili kama ni maji au dirisha. Majina sitaandika.

Jingine. Nilipokuwa nachora mkato nimegundua zile futi 16 nilizipima katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Uwazi wenyewe ni futi 15 na inchi 4. Kwa hivyo hata baada ya kushusha, kivuli cha Juni kinanishinda kwa inchi mbili. Desemba nilidhani nina ukanda wa futi 2, ninao wa futi 1 na kidogo.

Kwa nini tumeviacha, bado sijui. Nimeandika majibu yenu kwenye ukurasa mmoja: benki, ardhi, urithi, vijana wa usiku, lami. Kila moja lina mtu aliyeliona.

#24 FundiChokaa
Inchi mbili si neno, kata plasta.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa Kibokoni, kuna nyumba tunavua dari yake kabla haijaanguka. Boriti ziko wazi zote, utaona zilivyolala. Njoo na futi kamba ya mita 30, hiyo ya mita 5 iache nyumbani. Na mwambie KijanaLikoni aje, atashika ncha ya pili.

#25 KijanaLikoni
Nitavuka na feri ya saa tisa.

#26 Mwenyeploti_Bamburi
Daftari njoo usome, Jumapili niko nyumbani. Ila nakwambia ni maji.

#27 MamaTudor
Binti, nimeutazama mchoro mpya. Ile dari ya kaskazini ni nzuri. Lakini kamba za nguo sijaziona. Wapangaji kumi na tatu, kila mmoja na sare za watoto. Umeziweka wapi?